Nataka kuwagawia wafanyakazi faida ya dagaa. Nianzie wapi nisiharibu?

MamaChanja, Igombe

Mwangaluka wote, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina kampuni ndogo ya dagaa hapa Igombe, Ilemela. Tunanunua dagaa wabichi mwaloni alfajiri mitumbwi ikiingia, tunaanika kwenye chanja, wengine tunakaanga, tunafungasha robo na nusu kilo, tunapeleka kwenye maduka ya Mwanza mjini, Shinyanga na Dodoma. Nilianza peke yangu na mabeseni mawili pale Kirumba Mwaloni. BRELA nilisajili 2021. Leo tuko tisa wa mshahara, na kina mama sita waanikaji ambao nawalipa kwa ndoo.

Mwaka uliopita, baada ya mishahara (na wangu ukiwemo), kodi, riba ya benki, mkaa, mafuta ya kukaangia, vifungashio na hasara ya dagaa waliooza wakati wa masika, faida imebaki shilingi 18,400,000. Haijawahi kutokea. Miaka ya nyuma ilikuwa milioni tatu, nne, mwaka mmoja hakukuwa na kitu.

Tarehe 23 Desemba niliwagawia kama kawaida yangu: mchele kilo tano, mafuta lita moja na kitenge. Mama mmoja, mkubwa wa waanikaji wangu, alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaniuliza taratibu, "Mama, mwaka huu tumeuza sana, eti?" Nikamwambia ndiyo, tumeuza. Akasema Mungu ashukuriwe, akajitwisha mchele wake akaenda zake. Hakuomba kitu. Ila lile neno "tumeuza" limekaa nami mpaka leo. Huyu mama ndiye anayeona wingu likinyanyuka upande wa ziwa kabla yetu sote, anapiga kelele tufunike turubai. Bila yeye ile faida isingefika hapo, na mimi nikampa mchele.

Kuna kitu kingine, nakisema kwa sababu ndicho kinachonisukuma. Kabla ya biashara hii nilikuwa karani wa tajiri mmoja mwenye mitumbwi minne, visiwani. Kazi yangu ilikuwa kuandika daftari la mgao. Mtumbwi ukichukua petroli lita 14, tajiri ananiambia niandike 20. Vijana wanatoka ziwani macho mekundu, nguo zimelowa, wanakaa chini wanasomewa: petroli lita 20, chakula kiasi fulani, ushuru kiasi fulani. Wanagawana kilichobaki. Tajiri alisema, lakini mkono ulioandika ulikuwa wangu. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili. Siwezi kuwarudishia wale vijana, sijui hata wako wapi.

Sasa nataka kutenga asilimia 15 ya faida, yaani 2,760,000. Nimepiga hesabu kwa njia mbili. Tukigawana sawa kwa sawa watu 15, kila mmoja anapata 184,000. Tukigawana kwa siku za kazi, siku zote za mwaka kwa watu wote ni 3,450 (wa mshahara siku 290 kila mmoja, waanikaji kama siku 140), hivyo kila siku ni shilingi 800. Wa mshahara anapata 232,000, mwanikaji 112,000.

Ipi ni haki? Na nifanyeje mwakani mvua zikiharibu mzigo nikakosa cha kugawa? Naomba mwenye uzoefu anishauri.

Nahodha_wa_Giza, Ukerewe

Mama, shikamoo. Mimi niko kwenye mtumbwi wa dagaa mwaka wa kumi na moja sasa. Yule karani uliyemwelezea nimeshakaa mbele yake mara nyingi, kwenye kambi tofauti. Nashukuru umesema.

Nikueleze mgao wetu wa sasa, maana naona jibu lako limo humo. Tuko wanne na tajiri yuko nchi kavu. Usiku mmoja wa giza tukivua vizuri tunauza mzigo wa 620,000. Tunatoa petroli 60,000, kuchaji betri za taa 25,000, chakula na chai 15,000. Inabaki 520,000. Nusu inaenda kwa tajiri kwa ajili ya chombo, nyavu na mashine. Nusu ni yetu, kila mmoja 65,000. Tukikosa, tunakosa wote. Kuna usiku tumerudi na ndoo tatu za dagaa na petroli tukabaki tunadaiwa. Hakuna aliyegoma wala kumlaumu tajiri, kwa sababu petroli tunanunua pamoja, nahodha na mtu mmoja wa tajiri, na risiti inakaa kwenye kopo ndani ya mtumbwi. Yeyote anaifungua.

Kabla ya huyu tajiri nilikuwa na mwingine aliyekuwa anatupa nusu pia. Nusu ileile. Tulikuwa tunamwibia. Nakuambia ukweli, tulikuwa tunauza ndoo mbili tatu katikati ya ziwa kabla ya kufika mwaloni, kwa sababu tulijua naye anatuibia kwenye petroli. Huyu wa sasa hatujamwibia hata kikombe.

Kwa hiyo asilimia 15 au 10 au 20, hilo utaamua mwenyewe. Mimi nauliza kopo lako la risiti liko wapi na nani anaruhusiwa kulifungua?

DukaBuzuruga

Dada, mimi nitakuwa tofauti kidogo na naomba usinichukulie vibaya.

Nina duka la vipuri vya pikipiki. 2019 ilikuwa nzuri kwangu, nikawapa vijana wangu watano mshahara wa kumi na tatu. Furaha tupu, mmoja alinunua bati za nyumba ya mama yake Misungwi, nilifarijika sana. 2020 mauzo yakashuka, mzigo ukachelewa bandarini, Desemba ikafika sina kitu. Nikawaambia mwaka huu hakuna. Waliitikia "sawa bosi", lakini nyuso zilibadilika. Kufika Machi wawili walikuwa wameondoka, na mmoja ndiye aliyekuwa anajua kila kipuri kilipo bila kuangalia daftari. Nilikuja kusikia walikuwa wanasema nimejenga kwa pesa yao.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: lipa mshahara unaoeleweka, lipa tarehe ileile kila mwezi, mtu akifiwa au akiuguliwa simama naye. Faida ni ya mwenye kubeba hasara. Mkopo wa benki umeweka nyumba ya nani dhamana? Ya kwako au ya waanikaji?

MamaChanja

Kaka, nyumba ni yangu, kweli. Na hilo la kuondoka watu linanitisha. Ila naomba nikuulize kwa heshima: hao vijana 2020 uliwaonyesha hesabu?

DukaBuzuruga

Hapana. Niliwaambia kwa mdomo.

Malimbe_Kijana

Mama MamaChanja na kaka wa Buzuruga, hilo la mwaka mbaya lina mfano mkubwa. Uingereza kuna maduka ya John Lewis. Mwenye mali, John Spedan Lewis, aliiweka biashara kwenye amana ya wafanyakazi (mali inashikiliwa kwa niaba yao) mwaka 1929, na wafanyakazi wake wanaitwa wabia. Kila mwaka faida ikitosha wanapewa bonasi, na asilimia ni ileile ya mshahara wa kila mtu, kuanzia anayepanga bidhaa hadi mwenyekiti. Mwaka wa fedha ulioishia Januari 2021, baada ya korona, hawakupewa kitu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1953. Kampuni haikuvunjika. Hesabu zao zinatangazwa na kila mbia anaweza kuzisoma, kwa hiyo hakuna aliyeambiwa habari hiyo kwa mdomo tu mwezi Desemba.

Kwingine si hiari kabisa. Mexico sheria inataka asilimia 10 ya faida ya kampuni iende kwa wafanyakazi. Ufaransa kampuni yenye wafanyakazi 50 na kuendelea inalazimika kugawa sehemu ya faida kwa kanuni iliyowekwa, jambo lililoanza enzi za de Gaulle, 1967. Na Marekani, mwaka 2016, mwenye kiwanda cha mtindi cha Chobani, Hamdi Ulukaya, aliwapa wafanyakazi kama 2,000 hisa zinazoweza kufika asilimia 10 ya kampuni. Yeye mwenyewe ametoka kwenye familia ya wafugaji Uturuki.

Hata hapa kwetu kanda ya ziwa si jambo geni. Babu yangu alilima pamba Magu, alikuwa mwanachama wa chama cha msingi wakati wa ule muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria uliosimamiwa na Paul Bomani kuanzia 1955. Babu alikuwa anazungumzia "malipo ya pili" kwa namna ya pekee. Malipo ya kwanza ni bei ya pamba yako mizanini. Ya pili yanakuja baadaye, pamba ikishachambuliwa na kuuzwa, chama kikiwa na ziada. Alisema malipo ya pili hata yakiwa madogo, siku hiyo nyumbani walichinja.

BintiKayenze

Shikamoo mama. Mama yangu mzazi ameanika dagaa Kayenze zaidi ya miaka ishirini, ada yangu ya sekondari imetoka kwenye chanja. Naomba nisemee upande wa waanikaji maana wao hawamo humu.

Umesema mwanikaji ana siku 140 na wa mshahara ana 290, kwa hiyo mwanikaji anapata nusu. Mama, hizo siku 150 zilizobaki yuko wapi? Hajalala kwa uvivu. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaingii ziwani, dagaa hawafuati taa, hivyo kila mwezi kuna wiki nzima na zaidi hana ndoo hata moja. Masika ikija mvua zinamkalisha tena. Fundi wako wa kukaanga analipwa mwezi mzima, mbalamwezi na giza, jua na mvua. Ukigawa kwa siku, unampunguzia mwanikaji mara mbili kwa kitu kilekile. Mwezi ulishamkata kwenye ndoo, sasa unamkata na kwenye mgao.

Nimekaa na mama yangu kwenye hizo siku za mbalamwezi. Anafagia chini ya chanja palipokwisha kufagiwa. Anashona turubai lililotoboka. Anakopa unga dukani kwa neno "giza likirudi". Tajiri wake hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatupa hata dagaa wa mboga. Lakini hakuwahi kujua kwamba lile turubai mama alikuwa analishona siku ambazo halipwi.

MamaChanja

Binti yangu, marahaba. Nimesoma hapa dukani nikashindwa kuendelea na kazi. Turubai zetu zinashonwa pia. Sijawahi kujiuliza zinashonwa lini.

Mhasibu_Nyegezi

Dada, habari. Nafanya hesabu za kampuni ndogo, nimesoma yote yaliyotangulia. Kabla ya kuamua nani apate ngapi, kuna mambo ya kuyaweka sawa.

Hiyo 18,400,000 iko wapi? Sisemi kwamba haipo. Faida na pesa mkononi ni vitu viwili. Kama maduka ya Dodoma wanakudai wewe ni sawa, lakini kwa kawaida wewe ndiye unawadai wao. Angalia ngapi ni madeni ya wateja, ngapi ni dagaa wakavu stoo, ngapi ni vifungashio ulivyonunua kwa wingi. Nimemwona mtu ametangaza mgao Januari, akakopa kwa riba ili aulipe, kwa sababu wateja wake walilipa Aprili. Tangaza leo ukitaka, lakini sema tarehe ya malipo baada ya kukusanya.

Pili, usichanganye bonasi na gawio. Gawio ni la mwenye hisa, linatoka kwenye faida iliyokwisha kulipiwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, na linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Wafanyakazi wako hawana hisa. Unachowapa ni malipo ya ajira. Kwa kampuni ni gharama ya mishahara ya mwaka unaolipa, kwa mfanyakazi ni kipato, kwa hiyo kinaingia kwenye hesabu ya PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, pamoja na mshahara wake. Asiyefikisha 270,000 kwa mwezi hakatwi, anayevuka anakatwa. Waeleze mapema. Mtu aliyeahidiwa 232,000 akapokea pungufu atadhani umemfanyia ya lita 20.

Tatu, andika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikulazimishi kugawa faida, hii ni hiari yako. Ila ukishaahidi asilimia bila masharti, imekuwa ahadi. Karatasi moja inatosha: asilimia ngapi, ya faida ipi, nani anahesabika, aliyeondoka katikati ya mwaka anapata nini, na kwamba mwaka wa hasara hakuna mgao. Isomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili, na kama kuna asiyesoma isomwe mara mbili.

Kuhusu kugawa sawa au kwa siku, binti wa Kayenze amesema kitu ambacho sisi wahasibu hatukioni kwenye karatasi. Jaribu nusu kwa nusu. Nusu ya mfuko, 1,380,000, igawanywe sawa kwa watu 15, ni 92,000 kila mmoja. Nusu ya pili kwa siku, ni shilingi 400 kwa siku. Wa mshahara anapata 208,000, mwanikaji 148,000. Tofauti ipo, ila haiumizi kama ile ya kwanza.

Nahodha_wa_Giza, Ukerewe

Hapo mhasibu amepita mulemule. Ongeza tu kwamba risiti zionekane.

MamaChanja, Igombe

Wakuu, wabeja sana. Nimekaa kimya siku tisa, nilikuwa nafanya mlichonielekeza. Narudi kuwaeleza.

Mhasibu, nilipotafuta ile faida nilikuta 7,100,000 ni madeni ya maduka, mengi ya Dodoma, na dagaa wakavu wa kama milioni tano wako stoo. Nimeanza kukusanya. Mgao nimepanga kuulipa mwisho wa mwezi ujao.

Jumamosi ilikuwa mbalamwezi, hakuna mzigo, nikawaita wote 15. Tulikaa chini ya kivuli cha stoo. Nikachukua chaki nikaandika mlangoni, maana mlango wa stoo ni wa bati la bluu na unaonekana hata kwa mbali. Juu mauzo yote ya mwaka. Chini yake mstari mmoja mmoja: dagaa wabichi, mishahara, ndoo za waanikaji, mkaa, mafuta, vifungashio, ushuru, riba, gari, kodi, waliooza. Dereva alikuwa anasoma kwa sauti. Mikono ilikuwa inanitetemeka, nasema kweli, kwa sababu mara ya mwisho kusomea watu hesabu ya mgao nilikuwa nawadanganya.

Walipoona mkaa umekula kiasi gani, wakaangaji walianza kubishana wao kwa wao kuhusu jiko la pili ambalo linavuja moto. Sikuwaambia kitu. Jumatatu lilikuwa limeshapigwa udongo.

Halafu yule mama mkubwa akanyoosha mkono. Akauliza, "Mama, hapa kwenye gari, hii ni ya kupeleka mzigo tu?" Mstari wa gari ulikuwa 5,860,000. Nilitaka kujibu ndiyo. Nikaangalia lile daftari, nikakumbuka gari hilohilo limepeleka mwanangu shule Musoma na kumrudisha kila likizo, limeenda msibani Geita mara mbili, na matairi mawili niliyabadilisha kwa ajili ya safari ya harusi ya mdogo wangu. Yote niliandika kwenye kampuni. Sikuwa na nia ya kumwibia mtu, ilikuwa kampuni yangu na gari langu. Lakini pale mlangoni, mbele ya wale watu, ule mstari ulikuwa lita 20 zilezile.

Tulihesabu pamoja, dereva anakumbuka safari zote. Ikaja 640,000. Nikafuta faida ya zamani kwa kiganja, nikaandika 19,040,000. Asilimia 15 ikawa 2,856,000, imeongezeka 96,000. Hakuna aliyepiga makofi wala kusema neno. Yule mama alitikisa kichwa tu, akaniuliza kama anaweza kuondoka maana ana mjukuu mgonjwa.

Tumekubaliana nusu kwa nusu kama alivyosema mhasibu. Binti wa Kayenze, kushona turubai kuanzia sasa ni kazi ya kulipwa kwa siku, mbalamwezi au giza. Kaka wa Buzuruga, karatasi imeandikwa kwamba mwaka wa hasara hakuna mgao, wote wameweka sahihi, wawili dole gumba. Kila miezi mitatu nitaandika mlangoni tena, hata kama ni mabaya. Kopo la risiti linakaa kwa dereva.

Swali langu la mwisho kwa mhasibu: ile 640,000 niliyotumia kwa mambo yangu niiandikeje kwenye vitabu? Nataka iwe sawa kabla ya kufunga mwezi.

Mhasibu_Nyegezi

Iondoe kwenye gharama za gari, iweke kwenye akaunti ya mkurugenzi kama deni lako kwa kampuni. Kwa kuwa faida imeongezeka, kodi nayo inabadilika, peleka marekebisho TRA usisubiri wakuulize. Pembeni ya deni andika tarehe utakayolirudisha, na ulirudishe kwa benki, sio kwa mkono, ili ionekane.

DukaBuzuruga

Dada, ukiandika mlangoni miezi mitatu ijayo naomba nije nione. Niko Buzuruga tu, nikipanda daladala ya Igombe nafika.

MamaChanja, Igombe

Karibu sana kaka. Njoo asubuhi, na siku ya giza, ukute na mzigo.